Ukurasa wa Arobaini na Mbili Mpaka wa Sitini

Siku hizi mwanafunzi akiingia maktabani kwetu, swali lake la kwanza si kitabu. Ni soketi.

"Shikamoo mama. Kuna sehemu ya kuchajia?"

Nimeulizwa hivyo mara milioni tatu, na sijazidisha sana. Wanakaa chini kando ya ukuta kama kuku wanaoota jua, kila mmoja na waya wake, na rafu zinawatazama kwa nyuma. Chuo chetu ni kidogo, kiko juu kidogo ya mji wa Lushoto, mahali ambapo ukungu ukiamua kuingia ndani hauombi ruhusa ya mtu. Maktaba yake niliijua kwa fagio kabla ya kuijua kwa macho.

Nilianza pale kama mfagizi. Nilifuta vumbi vitabu kwa miaka sita bila kujua kilichoandikwa ndani ya hata kimoja, maana shule ilinitema darasa la saba, na Kiingereza kwangu kilikuwa sauti ya bata tu. Kisha yakaanzishwa masomo ya jioni kwa watu wazima, humohumo kwenye ukumbi niliokuwa naufagia mchana. Darasani tulikuwa akina mama wenye watoto mgongoni, fundi cherehani mmoja, na babu aliyekuja kusoma ili amshinde mjukuu wake. Hisabati niliirudia mara nne. Mara ya tano nadhani watahini walichoka wenyewe wakanipitisha. Nikaenda kutafuta cheti cha ukutubi, nikarudi nikiwa msaidizi wa maktaba, na siku niliyokabidhiwa ule muhuri wa kugongea tarehe ya kurudisha kitabu, niligonga hadi kwenye kiganja changu ili nikamwonyeshe mama.

Muhuri ule sasa umekauka wino. Hakuna anayeazima.

Mkutubi mkuu aliyeletwa kwetu miaka michache iliyopita ni rika la mwanangu wa kwanza. Kila asubuhi hunipa shikamoo kwanza, ndipo anaponipa kazi, kwa hiyo naamrishwa kwa adabu. Ndiye aliyeondoa nusu ya rafu na kuweka kompyuta. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake, kwamba majarida ya kitaaluma wahadhiri wanayasoma kwenye simu wakiwa vitandani, na vitabu vingi vinapatikana mtandaoni. Kazi iliyobaki kwa maktaba ni kutunza kile ambacho hakiko mahali pengine popote: tasnifu za wanafunzi wetu, rekodi za mahojiano, madaftari ya watafiti. Vyote viskaniwe, viingizwe kwenye kompyuta, mahali alipopaita hazina.

"Mama, kitabu kilichochapwa kikipotea hapa, kipo kwingine," aliniambia. "Daftari la mtafiti likipotea, limepotea duniani."

Nikajibu, "Naam, bosi," huku moyoni nikijiuliza nitabaki nafanya nini. Muhuri umekufa, rafu zimeondoka, aliyefuata si ni mimi?

Basi akanipa skana. Mashine yenye taa inayopita chini ya kioo kama jicho la paka, ikinung'unika. Nilijifunza kuitumia katika siku mbili, lakini kuiogopa sijaacha hadi leo. Na kila Ijumaa mchana bosi alipita mezani kwangu na swali lake: "Mama, wiki hii mangapi?" Hapo ndipo pabaya pangu. Nilikuwa naongeza. Nikiwa nimeingiza madaftari matano nilisema manane. Si kwa ubaya. Kwetu tunaongea hivyo, mtu akipata samaki wawili anasema mto mzima umekuja nyumbani. Lakini kweli ni kwamba niliogopa kuonekana nimekauka kama muhuri. Uongo wangu ulikuwa wa kutangulia tu. Kweli ilikuwa inanifuata nyuma ikihema, na kwa kawaida wiki iliyofuata ilinifikia.

Mwezi wa kwanza mwaka jana akaja bwana shamba.

Namwita hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu anavyomwita: afisa ugani wa miaka hamsini na kidogo, mtu wa kuja kutoka kanda ya ziwa, aliyekaa milimani kwetu hadi akazoea baridi ila Kishambaa kikamkataa. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili hapo chuoni, kwa likizo na kwa Jumamosi. Utafiti wake ulihusu mifereji ya zamani ya kumwagilia mashamba kwenye bonde moja chini ya Shume: nani aliichimba, nani alipangiwa zamu ya maji, nani aliamua ugomvi. Alizunguka na mkalimani nyumba kwa nyumba, akawaandika wazee katika kauntabuku kumi na moja, kwa mwandiko wa kusimama wima kama mahindi. Aliandika upande mmoja tu wa karatasi, na kwenye kila kona akaweka kwa mkono namba ya daftari na ya ukurasa.

Watahini walikuwa wamemrudishia tasnifu yake. Walisema hawawezi kuikubali mpaka madaftari yenyewe yawekwe kwenye hazina ya maktaba, ili wahakikishe yale aliyoyaandika wazee waliyasema kweli. Ilibaki miezi miwili muda wake chuoni uishe. Akaniletea madaftari yote kumi na moja ndani ya boksi la karatasi za fotokopi, amelibeba kifuani kwa mikono miwili.

"Dada," alisema, "humu kuna mzee aliyekuwa analinda chanzo cha mfereji. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Hakuna mwingine aliyekuwa anajua yale."

"Bwana shamba, hapa umefika," nikamwambia. "Hata moto ukija utapiga hodi kwangu kwanza."

Wiki ya kwanza niliingiza madaftari manne, nikayafungia kabatini. Kisha umeme ukaanza tabia zake, mtandao nao ukawa unakwenda kwa magongo. Jumanne ya wiki ya pili akapita, amesimama mlangoni na koti la mvua linalochuruzika.

"Vipi dada, yameingia?"

Bosi alikuwa amekaa nyuma yangu, hatua tatu.

"Yameingia yote!" nikasema. "Hadi doa la chai kwenye daftari la pili limeingia!"

Akacheka, akanishukuru, akashika simu yake akaibonyeza-bonyeza hapo hapo mlangoni, akaondoka. Sikujua anabonyeza nini. Nilijiambia Jumatano na Alhamisi zinatosha kabisa kwa madaftari saba.

Sasa lazima niwaeleze habari ya plamsi, maana bila plamsi hamtanielewa.

Msimu wa plamsi kwetu, akina mama hufungasha matunda kwenye matenga. Tenga lisipotandikwa vizuri ndani, plamsi zinachubuka njiani na zikifika Dar ni uji. Zamani walitandika magazeti. Lakini magazeti nayo yamehamia kwenye simu, dukani humpati mtu mwenye rundo, hata maktaba tuliacha kuyaleta. Kwa hiyo tangu bosi aanze kusafisha makaratasi ya zamani, ratiba za mitihani zilizopita, fomu zisizotumika, akina mama wakajua kwamba maktaba ya chuo ndiko karatasi ziliko. Kiongozi wao ni wifi yangu, mke wa kaka, mwanamke ambaye mdomo wake ukifika sokoni yeye mwenyewe bado yuko kwao anavaa viatu. Kumnyima wifi kitu ambacho unakitupa ni kutafuta kesi ya ukoo. Bosi aliruhusu. Nikaweka utaratibu: boksi la kutupa, kifuniko chake nakipindua, kinakaa juu yake mgongo chini. Boksi la kutunza, kifuniko kinafunga kawaida. Hakuna maandishi, hakuna maelezo. Hata asiyesoma anaona. Nilijivunia utaratibu huo kuliko cheti changu.

Jumatano umeme ulikatika tangu asubuhi. Nikanywa chai. Ilikuwa baridi ya kukunja vidole, nina chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha na sina pa kuiweka, nikavuta kifuniko cha boksi la bwana shamba, nikakipindua, kikawa sinia safi kabisa. Nikala. Nikafuta makombo. Na kifuniko nikakiacha vilevile juu ya boksi, mgongo chini.

Alhamisi, siku ya soko, wifi alifika na wenzake wawili saa mbili asubuhi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, natafuta waya wa kompyuta ya mhadhiri mmoja aliyekuwa analalamika kwamba jarida lake halifunguki.

"Mkubwa wa vitabu!" wifi akaita mlangoni. "Leo tunabeba yapi?"

"Yaliyopinduliwa vifuniko!" nikajibu nikiwa kulekule chini. "Beba yote, na usipige kelele, watu wanasoma!"

"Wanasoma au wanachaji?"

Hata mhadhiri alicheka. Nilisikia maboksi yakiburutwa verandani, nikasikia wifi akisema, "Hili zito, lina baraka." Mimi nikaendelea kutafuta waya.

Umeme ulikatika tena wifi alipoondoka, ukarudi saa saba mchana. Nikawasha skana, nikanawa mikono kama daktari, nikaenda kuchukua daftari la tano. Mahali pa boksi palikuwa na mstatili wa sakafu safi, usio na vumbi.

Nilisimama pale nikiutazama ule mstatili. Kwanza nilidhani bosi amelihamisha. Kisha nikaona chembe ya muhogo sakafuni, nikakumbuka kifuniko. Nilipiga simu ya wifi. Haipatikani. Nikapiga tena. Nilipiga mara mia. Haya, mara tisa. Nikamwambia bosi najisikia vibaya, na hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyosema wiki ile.

Mahali wanapofungashia, nyuma ya soko, nilikuta majani, vipande vya kamba ya katani na mama mmoja anafagia. Kwenye takataka zake kulikuwa na jalada gumu la kauntabuku, jeusi lenye mgongo mwekundu. Limechanwa, halina kitu ndani.

"Mama, zile karatasi?"

"Zimekwenda na mzigo. Wifi yako kapanda nao. Washafika Soni saa hizi."

Matenga yetu hushushwa Mombo kwanza, yanapakiwa kwenye lori kubwa la kwenda Dar. Lori likishaondoka Mombo, basi. Nilimkuta jirani yangu mwenye bodaboda, mtu mzima mwenye wajukuu, anayeendesha kwa heshima kama anapeleka mayai.

"Mombo," nikamwambia. "Na leo usiendeshe kwa adabu."

"Nani mgonjwa?"

"Mimi."

Kona za barabara ile wenye akili timamu wanazihesabu kivyao. Mimi siku hiyo nilihesabu mia nane. Kila lori lililopanda nililiona kama linatoka kuzika madaftari. Nilijaribu kukumbuka yapi nilikuwa nimeingiza: la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mzee wa chanzo alikuwa katika la ngapi? Sikujua. Nilikuwa nimeahidi kuyatunza na sikuwa hata nimeyasoma. Chini ya Soni mvua ikatuacha, hewa ikaanza kuwa nzito, nikavua sweta kipande kwa kipande juu ya pikipiki kama ninayenyonyoa kuku, na jirani yangu akasema kwa upole, "Tulia jirani, tutaanguka wote na ugonjwa wako."

Mombo joto lilinikamata shingoni. Wifi nilimwona kwa mbali, amekaa juu ya tenga kando ya barabara, anajipepea na karatasi. Nikashuka pikipiki haijasimama. Ile karatasi ilikuwa na mwandiko uliosimama wima.

"Hiyo! Hiyo hapo! Usijipepee!"

"Shangazi wa watoto, una nini? Mbona umekuja umevaa nusu?"

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, maneno yakigongana, na kabla sijamaliza alikuwa ameshasimama. Wifi ana mdomo, lakini akili yake ni nyepesi kuliko mdomo.

"Umesema ni utafiti wa mtu? Mtu mzima kakaa na wazee miaka miwili, na mimi nimemfungia plamsi?" Akageukia wenzake. "Jamani, fungueni matenga!"

"Nani afungue?" Dereva wa lori kubwa alikuwa amesimama na kisu cha kukatia kamba, kijasho kinamtiririka. "Mama, mengine yamekwenda. Lori la kwanza limeondoka nusu saa iliyopita. Na haya napakia sasa hivi."

"Mangapi yamekwenda?"

"Sita."

"Yalikuwa thelathini," wifi akasema. "Hayo sita mengi nimetandika ratiba za mitihani. Yamebaki ishirini na nne. Kaka, leta kisu."

"Plamsi zitaoza!"

"Zioze mara ngapi? Umesimama hapa tangu tuliposhusha unakula mishikaki, hazijaoza. Leta kisu."

Tulifungua tenga moja baada ya jingine, pale juani. Utaratibu wa wifi wa kutandika nausifu hadi leo, ingawa ulikuwa unaniua: fungu la kurasa chini, kurasa pembeni zimekunjwa mara mbili, na moja juu kabisa kama shuka. Tulizitoa moja moja na badala yake tukatandika mabua ya mpunga, ambayo mwenzake mmoja alikwenda kuyaomba kwenye mashamba ya jirani. Yalipopungua nikatoa kitenge changu, na sweta. Kuna mtu Dar alinunua plamsi zilizolalia sweta ya msaidizi wa maktaba.

Nilikuwa natazama namba kwenye kona, nazipanga mapajani. Kwa haraka, ukurasa wa tisini na moja nikausoma kumi na tisa. Katikati ya hangaiko hilo wifi akapasuka kicheko.

"Njoo usikie! Ameandikwa msimuliaji wa saba, jina hakuna. Sikiliza: 'Mimi sijawahi kuiba maji ya mtu. Nilikuwa nayasindikiza tu yasipotee njiani.' Huyu si mama mkwe? Huyu si mama yako?"

Ilikuwa sauti yake kabisa, naye ni mtu wa bonde lile. Nikacheka na machozi yakanitoka, na dereva akasema kwa ukali, "Nyie, matunda yanaungua, mnasoma?" Lakini naye aliinama akauliza, "Wa nane anasemaje?"

Nikamnyang'anya wifi ule ukurasa, maana ule si wa kusomwa barabarani. Jina halikuwepo, lakini kwetu jina la nini?

Tulipofika tenga la mwisho nilikuwa na mafungu saba kwenye gunia. Niliyahesabu pale pale, mara tatu. Daftari la tano kamili. La sita kamili. La saba, la nane, kamili. La kumi, la kumi na moja, yote yapo, ingawa yamelowa maji mekundu ya plamsi. La tisa lilikuwa na ukurasa wa arobaini na moja, kisha wa sitini na moja.

Dereva alimpigia mwenzake wa lori la kwanza mbele yetu. Lilikuwa limeshapita mbali. Mwenzake akasema matenga yako nyuma ya mzigo wa viazi, na sokoni anakoshusha karatasi huwa zinachanwa kabla lori halijazima injini. Aliahidi kuangalia. Aliangalia kweli, kesho yake, akakuta matenga matupu.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa maktabani, nimetandaza kurasa kwenye kila meza zikauke. Wanafunzi walipoingia wakakuta hakuna pa kuwekea kompyuta. Nilitegemea manung'uniko. Mmoja akauliza, "Mama, hizi ni nini?" Nikamwambia ukweli. Akaweka begi chini, akaanza kupanga namba, na wengine wakafuata. Hakuna aliyeulizia soketi kwa karibu saa nzima, na katika maktaba yetu hiyo ni muujiza, mwiteni shehe na mchungaji waje waone.

Bwana shamba aliingia saa tatu. Alisimama mlangoni akitazama mwandiko wake umelala kwenye meza zote, una madoa mekundu.

Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha. Yote yakaniacha. Nikasema, "Nilikudanganya. Jumanne yalikuwa yameingia manne tu."

Akaja taratibu, akavua miwani, akaivaa tena. "Na haya?"

Nikamweleza: chai, kifuniko, plamsi, Mombo.

"Yaliyopotea mangapi?"

"Kurasa kumi na tisa. Daftari la tisa. Kuanzia arobaini na mbili mpaka sitini."

Hakuzipekua kurasa. Alijua. "Ni mzee wa chanzo," alisema. Akavuta kiti, akakaa. Kisha akatoa simu, akaiweka mezani katikati yetu. "Dada, nilikuwa na picha. Kila ukurasa niliupiga picha humu. Simu ilikuwa imejaa. Siku ile uliponiambia yameingia yote, nilizifuta pale mlangoni. Ungesema manne, ningezifuta za manne."

Nimesemwa sana maishani mwangu. Nimesemwa na mume, na mawifi, na mwalimu wa hisabati. Hakuna neno lililowahi kunikalia kifuani kama hilo, na alilisema bila kupaza sauti.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu, alisikia lote. Nilijua kazi imekwisha, nikaanza hata kufikiria nitampa nani ile chupa ya chai. Akanipa shikamoo kwanza. Nikaitikia marahaba. Akasema, "Mama, rekodi ya madaftari haya ina sehemu ya maelezo. Andika kilichotokea. Chote. Watahini wataisoma." Alipomaliza akaniambia barua ya onyo nitaipata Jumatatu, na kweli niliipata, ninayo.

Nilikaa mbele ya kompyuta hadi mchana kwa mistari minne. Mimi niliyekuwa naweza kuongea siku mbili bila kumeza mate. Niliandika: "Daftari la tisa, kurasa za 42 mpaka 60, hazipo. Kurasa hizi hazikuwa zimeskaniwa, ingawa msaidizi wa maktaba alimwambia mtafiti kwamba zimeskaniwa. Msaidizi huyo alizitoa kimakosa pamoja na karatasi za kutupwa. Zilitandikwa kwenye matenga ya plamsi, zikaenda Dar es Salaam."

Bosi akasoma begani kwangu. "Hapo kwenye plamsi, mama. Ni lazima?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Akafikiri. Akaiacha.

Wiki iliyofuata nilikwenda na bwana shamba hadi bondeni, kwa mjane wa mzee wa chanzo. Mkalimani alikuwa mimi, na kalamu nilishika mimi. Bibi alitukaribisha bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga, akasikiliza kosa langu lote, akanitazama hadi nikainamisha kichwa. Akasema kwa Kishambaa kwamba maneno ya mumewe alikwenda nayo mumewe. Hawezi kuyatapika yeye. "Lakini mimi nilikuwa namwamsha," alisema. "Miaka arobaini, maji yalipofika zamu, nani alikuwa anamwamsha? Hilo hamkuniuliza."

Bwana shamba akanitazama. Kweli, hakuwa amemuuliza. Tuliandika hadi jua likashuka, kurasa kumi na nne, nikaweka namba kila kona. Siku hiyohiyo tuliporudi chuoni, kabla ya kunywa hata maji, niliziskani zote, nikampigia bosi atazame kwenye kompyuta yake kama anaziona. Akasema anaziona. Nikamwomba atazame tena.

Miezi ile miwili sijui nililala lini. Kila barua pepe iliyoingia chuoni nilidhani ni ya watahini. Bwana shamba alikuwa akipita kila Jumanne, hasemi kitu, anakaa kidogo, anaondoka. Na mimi nilitamani anitukane tu tuishe. Jibu lilikuja siku nne kabla muda wake haujaisha. Sura ya mzee wa chanzo iondolewe, kwa kuwa ushahidi wake haupo. Maneno ya mjane yawekwe kama kiambatisho, yaonekane wazi kuwa yalichukuliwa baadaye. Maelezo ya maktaba wameyasoma na wameyakubali. Amefaulu.

Aliniletea nakala ya tasnifu kwa mkono wake. Ilikuwa nyembamba kuliko ilivyopaswa. Nikaishika, nikaona pale sura ya tano ilipokuwa, sasa sura ya sita imesogea ikawa ya tano. Alinishukuru kwa safari ya bondeni. Kuhusu mengine hakusema amesamehe, na sikumuuliza.

Msimu wa plamsi umerudi tena. Wifi hupita mlangoni na majani ya migomba kichwani, makusudi kabisa, anapaza sauti wanafunzi wasikie: "Sisi tumerudi kwenye majani! Karatasi za humo zina kesi!" Maboksi yangu sasa yana maandishi ubavuni, na chai nainywa nje, verandani, kwenye ukungu, nimesimama.

Ijumaa iliyopita bosi alipita na swali lake.

"Shikamoo mama. Wiki hii mangapi?"

"Matatu," nikamwambia, "na kurasa ishirini na mbili za la nne."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri nyongeza zangu. Hazikuwepo.